Bi Idah Nyokabi na Shati la Sanga

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi Idah Nyokabi anastaafu baada ya miaka ishirini na miwili ya kuwavisha waigizaji wa Kikundi cha Filamu cha Mkwaju, hapa Malindi. Sote twamwita Mama Thuku, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Filamu zetu ni ndogo, twazitengeneza kwa mifuko yetu na kwa hisani ya marafiki, lakini hakuna mwigizaji aliyewahi kusimama mbele ya kamera kabla Mama Thuku hajamzunguka, akamnyoosha ukosi na kumwambia aache kujikunakuna. Nimeombwa niandike wasifu huu kwa kuwa mimi ndiye mnasa sauti wa kikundi, na anayevaa vipokea sauti masikioni kutwa husikia mengi yasiyomhusu.

Mama Thuku alizaliwa Nyahururu, kwenye baridi. Alikuja pwani na marehemu mumewe, Mzee Gerishom, aliyekuwa fundi wa umeme katika hoteli moja ya hapa mjini, naye akafungua kibanda cha cherehani katika mtaa wa Barani akishona sare za shule na marinda ya harusi. Kiswahili alichokuja nacho kilikuwa cha bara. Siku moja alimwambia bibi mmoja wa mjini, "Kuja nikupime." Bibi yule aliketi kwenye benchi, akakataa kupimwa mpaka fundi aseme "njoo". Wakawa marafiki tangu siku hiyo, na leo Mama Thuku ndiye anayetusahihisha sisi.

Alijiunga nasi kwa sababu ya suruali. Tulikuwa tunapiga picha karibu na kibanda chake, na mwigizaji aliyeigiza mkulima wa Ganze akachanika suruali alipokuwa akichuchumaa. Mama Thuku aliishona ikiwa mwilini, huku mwenye suruali akiwa amekaza macho juu kama mtu anayechomwa sindano ya dawa. Alipomaliza aliutazama ule mkunjo uliosimama wima mbele ya mguu, akauliza mkulima huyu amepigiwa pasi na nani. Wiki iliyofuata alikuwa na kiti chake nyuma ya kamera.

Wageni wa kikundi huwa wanaombwa wasiulize habari za maiti aliyekoroma. Nami nitazisema kwa ufupi. Mwigizaji wa kuwa maiti hakutokea, Mama Thuku akakubali kulala mahali pake kwa dakika chache, amefunikwa shuka nyeupe. Waombolezaji walikuwa wanalia vizuri sana siku hiyo. Katikati ya kilio kikatoka kikoromo kirefu, na mwombolezaji wa mbele akatimua mbio. Sauti hiyo ninayo mpaka leo, na nimekataa kumuuzia mtu yeyote.

Lakini tukimkumbuka Mama Thuku kwa jambo moja, kwangu mimi ni shati la Sanga.

Ilikuwa tulipokuwa tukitengeneza filamu tuliyoiita *Arudiye*, kule Ganze. Mwelekezi alikuwa Oliver Gona, kijana wa Tezo aliyeihangaikia hadithi hiyo kwa miaka mitatu. Ni habari ya kijana anayerudi kwao baada ya kupotea miaka mingi. Nguo mpya hudanganya mbele ya kamera, kwa hiyo Mama Thuku alipita mji kwa mji, boma hadi boma, akiwapa watu nguo nzima na kuchukua zao zilizochakaa. Kwa mama mmoja, jina lake Kahonzi, aliona shati la mikono mifupi limetundikwa ukutani, la rangi ya samli na mistari ya kijani, limepauka mabegani.

"Hilo sikupi," Mama Kahonzi alisema. "Nakuazima. Ni la mwanangu Sanga. Alikwenda Uarabuni kutafuta kazi, na mwaka wa sita huu sijapata simu wala salamu. Nguo isiyovaliwa hufa. Mvishe mtu alitembeze."

"Litarudi, Mama Sanga," Mama Thuku akamwambia. "Litarudi safi na zima."

Mwigizaji wetu mkuu, Fondo, alipovuka uwanja kwa mara ya kwanza amelivaa, Mama Kahonzi alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni. Alijifunika mdomo kwa leso, nikadhani analia. Kumbe alikuwa anacheka. Alikuja kila siku baada ya hapo, akakaa palepale.

Tukiwa tumeshapiga zaidi ya nusu ya filamu, Oliver akaubadilisha mwisho. Mwanzoni yule kijana alikuwa afike nyumbani apokelewe, basi. Oliver aliona mwisho huo hauna uzito, akaamua kijana auawe na wachoma makaa waliolivamia shamba la mama yake. Alitaka shati lipasuliwe kifuani na limwagiwe damu ya bandia. Habari hazikai Ganze. Asubuhi yake Mama Kahonzi alimkuta Mama Thuku akipiga pasi chini ya turubai, nami nikiwa hapo nakunja nyaya.

"Mama Thuku, nasikia mwishowe anakufa."

"Ndivyo walivyosema jana."

"Na shati langu?"

Mama Thuku aliiweka pasi chini.

"Mimi sijamwekea mwanangu matanga," Mama Kahonzi alisema polepole, "kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba amekufa. Ndilo mnalotaka kuniambia nyinyi?"

Mama Thuku alikwenda moja kwa moja kwa Oliver. Oliver si mtu mbaya, na alimsikiliza, lakini alikuwa amebanwa. Fondo alikuwa aondoke Jumapili kwenda kuanza kazi nyingine Nairobi. "Amelivaa nusu nzima ya filamu, Mama," alisema. "Hawezi kuishi na shati hili akafa na lile."

Basi Mama Thuku akafanya alilolijua. Alishuka Malindi, akatafuta kitambaa duka kwa duka mpaka akapata kinachokaribia, akashona pacha wa lile shati. Alilichemsha kwenye majani ya chai, akalianika juani, akalisugua mabega kwa jiwe, akalikanyaga vumbini, akalifua tena. Aliporudi nalo, Oliver aliyashika yote mawili asijue lipi ni lipi. Tulipiga makofi. Sisi tuliona mambo yamekwisha.

Mama Thuku ndiye aliyesema hayajaisha mpaka mwenyewe ayaone. Alimpelekea Mama Kahonzi mashati yote mawili. Mama Kahonzi aliyapapasa kola, akalitambua la mwanawe papo hapo, akalipakata.

"Mkono wangu wajua," alisema. "Jicho halijui. Watu wa hapa wakikaa mbele ya hiyo sinema yenu, watamwona Sanga ametapakaa damu. Wakitoka hapo watakuja kunipa pole."

Nilimwona Mama Thuku akirudi njiani na lile pacha begani, anatembea kama mtu aliyechoka. Alisimama mbele ya Oliver, sote tukiwapo.

"Oliver mwanangu, nilidhani ni suala la kitambaa. Nimeshona vizuri kuliko nilivyowahi kushona, na haikusaidia kitu. Nilimwahidi yule mama. Ukitaka kulimwagia damu, hata hili la kwangu, utamvisha Fondo mwenyewe. Mimi sitamgusa."

Oliver alivua kofia yake akaitupa chini. Alisema miaka mitatu inakufa kwa sababu ya shati. Alisema filamu si ya mtu mmoja. Mama Thuku hakubishana naye. Aliinama akaiokota ile kofia, akaipangusa vumbi, akamrudishia.

"Mimi siyajui mambo ya mwisho wa filamu," alimwambia. "Nenda ukae naye. Usiende kumwomba. Kaa tu."

Alikwenda. Waliyozungumza siyajui, kwa kuwa nilikuwa mbali na nilikuwa nimevua vipokea sauti. Nililoliona ni Oliver ameketi kwenye mkeka na lile shati la Sanga limo mikononi mwake, na baadaye wakila sima na mboga ya mchunga kutoka sahani moja. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu. Alimwita Fondo akamwambia, "Kabla hujawaendea wale wachoma makaa, livue. Litundike kwenye kamba ya mama yako. Halafu nenda kifua wazi."

Hivyo ndivyo tulivyopiga. Fondo alilivua shati, lile la Sanga mwenyewe, akalitundika, akaondoka kwa njia ya shambani mpaka mahindi yakamfunika. Kamera ilibaki kwenye kamba. Aliyekuwa akiigiza mama, Pamela, alikuwa atoke ndani alianue. Upepo ukavuma, shati likaanza kuteleza, na kabla Pamela hajafika mlangoni, Mama Kahonzi aliinuka kwenye kigoda chake, akaja, akalishika lisianguke chini kwenye vumbi. Alilikunja mara mbili, akalipakata. Oliver hakusimamisha kamera. Mimi nilikuwa na kipaza sauti juu ya kamba ile, nikamsikia akilitaja jina la mwanawe kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwita mtoto aje ale.

Mwisho wa *Arudiye* ndio huo. Mikono mnayoiona ni yake, na sauti ni yake. Hatumwoni kijana akiuawa, wala hatuambiwi kama amerudi.

Tuliionyesha Ganze, katika uwanja wa shule, kwenye shuka mbili ambazo Mama Thuku aliziunganisha hata mshono hauonekani. Watu walipoinuka walikwenda kwa Mama Kahonzi, nami nikasogea nisikie. Hakuna aliyempa pole. Walimuuliza habari za Sanga, ana umri gani sasa, alikuwa anapenda nini. Akawajibu mmoja mmoja. Sanga hajarudi mpaka leo ninapoandika, na Mama Thuku bado huenda kumtembelea Mama Kahonzi kila mwisho wa mwaka. Hajawahi kutualika kufuatana naye.

Kazi yake anamwachia Kadii, aliyefunzwa naye kwa miaka minne na ambaye tayari amejifunza kutukaripia. Mama Thuku hatarudi Nyahururu, anasema baridi ya kule imeshamsahau. Amejenga Tezo, ana mihogo, kuku, na wajukuu wawili ambao hawavai chochote cha dukani kinachoweza kushonwa nyumbani.

Mama Thuku, asante kwa kila kifungo, na kwa kila mara uliposema hapana tukakasirika. Ulituvisha sote, hata tuliokuwa nyuma ya kamera. Maisha unayoyaanza sasa yakukae vizuri, yasikubane mabegani, na yawe marefu.

Laban,
kwa niaba ya Kikundi cha Filamu cha Mkwaju