Fundi Milimita na Mguu wa Mpishi

Ijumaa hii, tarehe 30, Fundi Milimita anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu ya miguu ya bandia. Jina lake halisi limo kwenye faili. Sisi tulimbatiza Milimita, na mwenyewe hakupinga, ila alituuliza ni milimita ngapi.

Mimi mtunza stoo nimeteseka naye miaka kumi na sita, ndiyo maana nimeombwa niandike mimi. Alinirudishia msasa eti umekatwa upogo. Akiingia kwa meneja, alinyoosha kwanza picha ukutani ndipo atoe salamu. Harusi ya binti yake ilichelewa kuanza kwa sababu baba mtu alikuwa anapanga viti upya kwa kamba. Tulimcheka, lakini kazi yake, jamani! Mguu ukitoka mkononi mwake ulikuwa umenyooka sawasawa, na kwenye daftari la ukaguzi, penye safu ya kasoro, aliandika "Hakuna" miaka kumi na tisa mfululizo. Makao makuu yakampa cheti cha ubora, na ukuu wa karakana ulikuwa njiani kumfuata.

Ndipo akaja mpishi wa kantini ya shule, mama wa watoto wanne, aliyepoteza mguu wa kushoto ajalini. Milimita akamtengenezea mguu mzuri ajabu. Baada ya wiki mama akarudi. Akarudi tena. Mara ya tatu alikuja na habari mbaya: kwa mguu ule hawezi kubeba sufuria kutoka jikoni hadi dirishani bila kuyumba, na mwajiri wake amempa hadi mwisho wa mwezi, la sivyo aende zake. Milimita akamjibu, kwa heshima zote, kwamba mguu wa karakana hauna kasoro. Wenye kasoro ni ule wa kuzaliwa nao, umepinda na unyayo unatazama nje.

Mama akamwambia Fundi kwamba mguu huo uliopinda umelea watoto wanne na haujawahi kumwangusha, kwa hiyo kama ana ugomvi nao, ainame azungumze nao mwenyewe.

Akainama kweli. Akamwomba avue kiatu, atembee, arudi, atembee tena, huku yeye akitambaa nyuma yake na futi ya kupimia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akimpima mtu badala ya mchoro. Siku mbili baadaye akatoa mguu uliopinda kidogo, unyayo nje, kama mwenzake wa kulia. Mama akatembea nao hadi getini na kurudi, amebeba ndoo yangu ya stoo imejaa maji. Nililia, wala sioni haya kusema.

Likabaki daftari. Angeandika "Hakuna" kama kawaida, nani angejua? Aliandika, "Ipo. Nimeiweka mimi," akatia saini. Makao makuu yakamletea barua ya kurasa tatu, yakachukua cheti chao, na ukuu wa karakana akapewa mwingine aliyejua kuandika "Hakuna".

Tangu hapo hapimwi mteja kabla ya kutembezwa, na foleni yetu inafika barabarani. Makao makuu, kwa busara zao, sasa yanauita utaratibu huo mwongozo mpya, na katika hafla hii yatamrudishia Fundi cheti chake, kimeandikwa "kwa utumishi usio na kasoro".

Asante kwa kila kitu, Fundi, hata kwa msasa. Tunakuombea afya, amani na usingizi mrefu wa asubuhi. Ila kabla hujaitwa jukwaani, sisi wafanyakazi tuna ombi dogo kwa uongozi: maneno hayo ya cheti yafutwe. Yule mama bado anapika pale pale shuleni, na Ijumaa ameomba ruhusa aje kukaa nasi ukumbini. Hatutaki asikie tukiikana kasoro iliyomwachia kazi yake.