Kwa Nini Askari Aandikishwe wa Kwanza?

Haya, tusalimiane kwanza. Waislamu, asalaam aleikum. Wakristo, Bwana asifiwe. Na wewe uliyekuja kwa sababu ya chapati, karibu pia, zinakuja.

Mwenyekiti wa kikundi chetu amesema nisimame nieleze nilivyoanguka na nilivyoinuka. Sitataja jina la mtu wala la chuo, maana Barking yetu hapa London ni ndogo na midomo ni mingi. Ila mnijue: mimi ni mtu wa maswali. Mama yangu alikuwa akisema huyu mtoto atamuuliza hata daktari wa meno anang'oa lipi na kwa nini. Kwa hivyo ushuhuda wangu una swali ndani yake, mnivumilie.

Wengine hamjui kwamba nilikuwa mwanajeshi. Si wa Kenya, wa hapa hapa Uingereza. Nilitoka Nakuru nikiwa kijana, nikala kiapo, nikawa fundi wa malori mpaka nikafika koplo. Bunduki nilikuwa nayo, ndiyo, lakini siku nyingi nilishika spana. Kisha mgongo ukaharibika, na kuna mambo niliyoyaona ambayo leo si siku yake. Nikatoka.

Ndugu zangu, nawaambia, jeshini unaambiwa saa ya kuamka, saa ya kula, hata viatu uviweke wapi. Ukitoka, hakuna anayekuambia kitu. Nilipata kibarua cha ulinzi uwanjani Wembley siku za mechi. Goli likiingia, watu wakipiga mayowe, mimi najikuta nimechuchumaa nyuma ya kibanda cha soda. Nikaacha. Nikawa mtu wa kitandani. Watoto wanarudi shuleni, baba bado yuko na nguo za kulalia. Nilikuwa nikiwasikia wakipita mlangoni kwangu kwa kunyata, na nilijichukia.

Mama watoto alivumilia sana. Siku moja akaniketisha jikoni, akasema, "Nakupenda, lakini hawa watoto wanajifunza kukuogopa. Tafuta kitu cha kukuamsha. Septemba ikifika hujapata, nitawapeleka kwa dada yangu Leicester." Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

Nilichokitaka nilikijua: kozi ya ufundi umeme kwenye chuo cha umma, si mbali na hapa. Nafasi chache, watu tele. Nikaenda kujiandikisha. Dada mmoja wa mapokezi, mwenye hijabu ya zambarau, akaniuliza, "Umewahi kutumikia jeshi? Waliotumikia wanaandikishwa kabla ya wengine."

Nikamwambia hapana.

Naona mnashangaa! Mke wangu naye aliniuliza kama nimelogwa. Sasa sikilizeni. Katika kikosi chetu, chakula kikiletwa, kuruta mdogo kabisa ndiye anayepakuliwa kwanza. Mwenye cheo anakula mwisho, hata kama umebaki ukoko. Miaka yote nilikula ukoko, na nilijivunia. Leo niwapite akina mama na vijana kwenye foleni, niseme nipisheni, mimi askari? Aka! Nafasi zikaisha. Muhula uliofuata nikarudi, yule dada akaniuliza tena, nikakana tena, zikaisha tena. Na Septemba ilikuwa inakaribia.

Lakini lile swali likaanza kunikera. Hivi kwa nini chuo kinataka askari atangulie? Nikawa nauliza kila mtu. Kinyozi wangu akasema ni shukrani ya serikali. Mchungaji akasema ni heshima. Jirani yangu wa Pemba, mzee mwenye ulimi, akasema, "Wanakuhurumia tu, bwana. Na mimi niliyekimbia na roho yangu mkononi, foleni yangu iko wapi?" Mpaka leo hilo la mzee linanizungusha kichwa.

Wakati huo nilikuwa nimeshika kazi ya usafi Stratford, kwenye jengo la maduka, alfajiri kabla halijafunguliwa. Hata kuifikia ilikuwa ni kujikokota. Nilipiga deki pamoja na mama mmoja wa Bukavu, kule Kongo kwenye vita, mcheshi ajabu, anajua habari za kila mtu. Nikasema huyu naye nimuulize. "Mama, mimi nilikuwa askari. Chuo kinataka nipite mbele ya watu. Wewe waonaje?"

Akachukua ndoo yake, akaenda kupiga deki upande wa pili. Siku kadhaa hakunisalimia. Nikaelewa, tena nikaona aibu: askari anawajua kuliko mimi. Nikajiambia nimeharibu.

Asubuhi moja akaja mwenyewe, akasimama mbele yangu, na Kiswahili chake cha Kongo, ambacho askari ni basoda.

"Papa, kwetu basoda banapitaka mbele kila siku. Ku maji, ku dawa, ku barabara. Hii nafasi yako, banakupatia ao unaikamata?"

"Wananipa, Mama. Tena wananiuliza kwanza."

"Na wewe unakatala?"

"Nakataa. Koplo anakula mwisho."

Nikamweleza habari ya ukoko. Alicheka kidogo, kisha akakunja uso, maana naye ni mtu wa maswali kama mimi. Akaniuliza, "Na ule mwenye aliumia? Kwenu alikuwa anakula wa ngapi?"

Jibu nililijua vizuri sana. Aliyeumia hakupanga foleni. Sahani yake ilitangulia, kabla ya kuruta, kabla ya kila mtu, na kumpelekea ilikuwa kazi yangu mimi koplo. Wapo waliokataa kwa kiburi. Hao nilikuwa nikiwasimamia pale pale mpaka wale.

"Papa," akasema polepole, "bo ba ku chuo banaona uko na kidonda. Ni weye tu hauoni."

Nililia, ndugu zangu. Mwanamume mzima, nimeegemea mashine ya kusugua sakafu. Watu waliniambia nimestaafu, wakaniambia hongera, wakaniambia nijikaze. Kwamba nimeumia, hakuna aliyeniambia, wala mimi sikujiambia. Mama yule hakunishika mkono wala nini. Alisimama tu hapo mpaka nikanyamaza, kisha tukamaliza kazi.

Usajili ulipofunguliwa nikaenda. Dada wa hijabu akauliza lile lile lake. Nikasema, "Ndiyo. Nilitumikia." Akacheka. "Nilishuku zamani. Hakuna mwingine anayesimama hivyo kwenye foleni." Nikamuuliza mbona hakusema. Akaniambia hawezi kumjibia mtu, ila kuuliza anaweza kila siku. Nikapata nafasi.

Leo niko mwaka wa pili, na kuna fundi mmoja ananichukua siku za kazi. Naamka. Si kila siku kwa furaha, lakini naamka. Leicester tulienda sote, kwa harusi. Na juzi taa ya chumba cha watoto ilizimika, binti yangu akaingia chumbani kwangu bila hata kubisha hodi, akaniamuru kwa Kiingereza chake niitengeneze sasa hivi. Nilitaka kumkaripia kwa kukosa adabu. Nikashindwa, nilifurahi mno.

Asante mke wangu, acha kujificha nyuma ya mkoba. Asante Mama wa Bukavu. Yeye darasa la Kiingereza alilingoja kwenye foleni ndefu mpaka akalipata, na kidonda chake si kidogo kuliko changu. Nimewauliza wale wa chuo kuhusu watu kama yeye na kama mzee wangu wa Pemba. Walisema hawajawahi kulifikiria. Basi nitawauliza tena.

Funzo langu ni dogo. Mtu akikuuliza kama umeumia, usijibu haraka. Na wewe unayeishi na mtu aliyenyamaza, usichoke kuuliza.

Kuna ndugu amekaa kule nyuma karibu na mlango. Umekuja mara kadhaa sasa, hujasema neno, na jina lako silijui. Usiogope, sikuinui. Nikimaliza hapa nitakuja kukaa kando yako, nitakuuliza hali yako. Ukinyamaza, wiki ijayo nitakuuliza tena.