Baba, Mume Wangu na Vita vya Warumi

Nitakuwa mfupi, ingawa mnajua sisi walimu hatuwezi.

Kina mama wa Keumbu, uchaguzi uliopita mlinionea huruma sokoni. Baba yangu alikuwa upande mmoja, mume wangu upande mwingine. Sawa, kila mtu na kura yake. Lakini sisi Wakisii tuna chinsoni, ile heshima ya wakwe: hawataniani, hawagombani, hata kutajana jina ni aibu. Basi mume wangu akapewa maikrofoni kwenye mkutano wa kampeni pale Ogembo, shangwe zikampanda kichwani, akamtukana baba yangu kwa jina. Jamani! Hata watu wa upande wake waliinamisha vichwa.

Baba akatuma ujumbe: "Rudi nyumbani. Ng'ombe wao wa mahari nitawarudisha." Mume wangu naye, "Nenda, kama wewe ni wa upande wao." Nililia macho yakavimba. Wanangu wangebaki wa nani?

Ndugu zangu, nawaambia, Mungu hutumia hata somo la historia. Wiki hiyo nilikuwa nafundisha vita vya Warumi, wao kwa wao. Majemadari wawili, mmoja amemwoza mwenzake binti yake. Binti akiwa hai, walivumiliana. Akafa akijifungua, na baada ya miaka michache wakaingia vitani, Roma ikapasuka. Nikasimama na chaki mkononi, wanafunzi wananitazama. Nikajiambia: wee, yule binti alikufa. Wewe uko hai, unangoja nini?

Nikamwambia mume wangu, "Mimi sihami. Na wewe utamtuma shangazi yako na beberu, akuombee msamaha."

"Si mzee ataona nimeshindwa!"

"Ulishindwa pale Ogembo," nikamwambia.

Alinuna, lakini shangazi akaenda. Baba alimkalisha uani mchana kutwa, ndipo akainuka akamfunga beberu zizini. Kwetu kumpokea ni kusamehe.

Asanteni nyinyi mliochuma majani yangu ya chai siku zile bila kuombwa. Asante mama yangu, aliyemwambia baba, "Ukirudisha ng'ombe, rudisha na wajukuu basi, tuone."

Kura zinakuja tena. Yule jemadari aliyeshinda aliletewa kichwa cha mkwewe, akalia. Alilia kweli, lakini kichwa kilikuwa kimeshakatwa. Ndugu zangu, ombeni msamaha mtu akiwa bado na masikio ya kusikia.