Vesti ya Munyemana

Mwaka ule wa 1999, ukipanda kutoka soko la Kamembe, ulikuwa unakuta kibanda cha kijani kimeandikwa FOTO MUNYEMANA, na mbele yake benchi letu. Nasema letu kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na nafasi ya kulikalia kutwa. Alikuwapo Minisitiri, yaani waziri, ambaye jina lake ni Hategekimana, mzaliwa wa Uvira aliyerudi Rwanda mwaka 94 na ambaye hajawahi kuongoza hata nyumba kumi. Alikuwapo Avoka, yaani wakili, muuza viatu vya mtumba, mtu wa methali. Nilikuwapo mimi, fundi redio. Maman Patricie alitumiminia kahawa. Munyemana mwenyewe alikuwa na kamera ya kutoa picha papo hapo na koti moja la suti, jeusi, lenye kravati, yaani tai, nyekundu iliyoshonewa kolani, ambalo huku tunaliita vesti. Kila aliyetaka picha ya kitambulisho, au ya karatasi ya kuvuka daraja kwenda Bukavu, alivalishwa hiyo. Mwembamba alibanwa mgongoni kwa vibanio vya nguo. Mnene aliachiwa vifungo wazi. Kwa miaka mitano Kamembe nzima ilipita ndani ya vesti ile, wanawake kwa wanaume. Sasa Jumanne moja asubuhi Munyemana akaifua, akaianika uani, na aliporudi kuigeuza alikuta kamba tupu.

Wa kwanza kuumia alikuwa Twagirayezu, mbeba magunia pale darajani. Kiwanda cha saruji cha Muganza kilikuwa kinatafuta mlinzi wa getini, naye alikuwa na dosiye yake ya maombi imekamilika, ila picha. Lori lililokubali kumpeleka lilikuwa linaondoka saa sita. Alifika saa nne, akakuta msiba.

— Ingia nikupige vile uko, Munyemana alimwambia.

— Vile niko? Na hii shati? Twagirayezu alishika kola yake iliyochakaa, na kiraka cha kitenge ambacho mkewe alikuwa amekishona begani. Munyemana, bataniona!

— Eko na haki, alisema Minisitiri. Muntu bila vesti ni kama barua bila timbre, bila stempu. Haifike.

— Nani aliiba? niliuliza.

— Bahenga balishajibu, alisema Avoka. Kikulacho ki nguoni mwako. Njo kusema mwizi eko ndani ya vesti.

— Mwizi anaivaa, Avoka, ndiyo maana eko ndani, alisema Patricie.

— Si nilisema?

Minisitiri alikunywa kahawa yake, akainamisha kichwa kama mtu anayesubiri kipaza sauti.

— Munacheka, lakini fikirieni. Mu ile vesti muliingia jasho ya bantu wangapi? Waalimu, bapasta, bacommerçants. Heshima ya Kamembe yote ilibaki mule. Mwenye aliiiba, saa hii anatembea na heshima yetu yote. Kesho utasikia eko bourgmestre fulani, mukubwa wa komini, na yeye mwenyewe hatajua juu ya nini.

— Haba na haba hujaza kibaba, alikubali Avoka. Na siye je? Ku vitambulisho vyetu vyote tumevaa ile vesti. Sasa imeibiwa. Kisheria, tuko uchi.

— Wee!

— Kisheria, nimesema. Polisi akikuuliza, hii vesti ni yako? Utasema nini?

Patricie alisema yeye anatembeaga na sura yake na hakuna aliyewahi kuiiba. Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu tayari tulikuwa tumeanza kumtafutia Twagirayezu dawa. Mimi nilitoa wazo la kuazima koti la mvua la Avoka. Lilikuwa la njano. Avoka akasema apigwe picha kutoka nyuma, kwani mlinzi mzuri hajulikani. Minisitiri alizidi wote: tumvue shati, tumchoree vesti kifuani kwa makaa, na kravati tuichore kwa udongo mwekundu, picha yenyewe ni ndogo, nani atajua? Na kwa aibu niseme, Twagirayezu aliuliza makaa yako wapi. Saa yangu ilionyesha saa tano na robo.

Ndipo akafika msichana mmoja, viatu vyeupe kwa vumbi, kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa namna ya Bukavu. Alikuwa anageuza picha ndogo mkononi, akisoma mhuri uliopigwa nyuma, kisha akitazama maandishi ya kibanda.

— Bapapa, hamujambo. Naitwa Jolie, nimetoka ng'ambo. Hii foto njo ilipigwa hapa?

Minisitiri aliipokea. Akaruka.

— Avoka! Kuya uone!

— Eh! Eh! Ni yenyewe!

— Kabisa ni yenyewe! Munyemana, toka!

Tulisongamana wote juu ya picha ile. Msichana alijishika kifua.

— Munamujua?

— Namna gani tusiijue! alisema Minisitiri. Miaka yote hii tuko nayo hapa!

— Angalia vile inang'aa, alisema Avoka. Ingali mupya.

— Asante Yesu, alisema Jolie, akaketi katikati yetu, machozi yanatoka naye anacheka. Asante Yesu, asante. Kumbe eko hapa. Eko wapi sasa?

— Pole sana, mutoto yangu. Iliibiwa leo asubuhi.

— Aliibiwa?

— Ku kamba. Ilikuwa bado na maji.

Jolie alimtazama Minisitiri, kisha mimi, kisha Avoka. Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo.

— Papa, munasema juu ya nini?

— Juu ya vesti.

— Mimi niko nauliza kaka yangu, alisema. Huyu. Mukengere.

Patricie aliweka thermosi chini.

Jolie akatueleza, sauti chini, akiwa anatazama mikono yake. Vita vilipoingia Bukavu, Oktoba 96, Mukengere alivuka na kundi la watu, wao wengine walikimbilia upande wa mashamba. Baada ya wiki chache dereva mmoja aliwaletea picha hii. Nyuma Mukengere aliandika: niko muzima, musilie. Mama yao aliitazama, akaona vesti, akaona kravati.

— Alisema: angalia mutoto wangu, alishakuwa bwana mukubwa. Hana tena haja na siye. Alinuna. Akatukataza kumutafuta. Alisema, tajiri njo anatafutaka ndugu yake, maskini akimutafuta ni kuomba. Miaka tatu. Mwezi uliopita mama alikufa, nikachukua foto ku sanduku yake.

Akainua uso.

— Kumbe hii vesti ni ya bote.

— Ya bote, alijibu Munyemana taratibu.

— Na huyu mwenye eko ndani, nani anamukumbuka?

Avoka, mtu wa methali, alisogea tu kumpa Jolie nafasi kwenye benchi. Minisitiri alivua kofia, akaangalia ndani yake. Mimi nilikuwa pale kila siku ya mwaka ule wa 96. Lazima nilimwona akikaa, akingoja zamu, labda nilimsalimu. Munyemana aliisogeza picha karibu na macho yake.

— Ilikuwa inamupwaya, alisema. Naona mikunjo hapa, nilimufunga vibanio vinne. Kravati niliinyoosha mimi. Akaishusha picha. Dada, nisikudanganye. Mimi naangaliaka kola tu.

Twagirayezu, ambaye hakuna aliyekuwa akimkumbuka kwa wakati huo, alinyoosha mkono. Alichukua picha, akaweka kidole gumba juu ya vesti, akaifunika yote hadi shingoni. Ikabaki sura. Aliitazama muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ngumu.

— Nyusi ya kuume imekatwa katikati, alisema. Na sikio moja inatoka inje.

— Alianguka ku muti wa parachichi, alisema Jolie. Alikuwa na miaka saba.

— Simujui, dada. Siwezi kusema namujua. Lakini sasa nikimukuta, nitamujua.

Akamrudishia picha kwa mikono miwili, akainuka, akapangusa suruali yake.

— Munyemana, washa machine.

— Na ile shati? aliuliza Minisitiri. Sha, bataniona, ulisema mwenyewe!

— Foto ni ya nini, Mzee?

Akaingia. Tulimwona kupitia mlangoni akikaa kwenye kigoda, kola imechakaa, kiraka cha kitenge begani kinaonekana vizuri kabisa. Munyemana alikwenda kumnyoosha kola kama alivyozoea, akasimama njiani, mikono hewani, akarudi nyuma ya kamera. Nadhani ndiyo siku ya kwanza alipiga picha ya uso wa mtu.

Lori alilipata, amekimbia. Kazi aliipata pia, na hakuna huko kiwandani aliyemwuliza habari ya shati. Vesti haikuonekana tena. Munyemana alipiga nakala ya picha ya Mukengere, akaikata shingoni kwa wembe, akabandika sura peke yake kwenye kioo cha kibanda. Jolie alikuwa anavuka kila siku ya soko kuuliza. Tulikuwa tunamwambia bado, na yeye anakunywa kahawa kwa Patricie, anarudi.

Nisiwapambe watu wa benchi kuliko walivyo. Mwezi haukuisha Munyemana akaleta vesti nyingine, ya kijivu, na aliyekuwa wa kwanza kwenye mstari ni Minisitiri. Alisema kitambulisho chake cha zamani kina mgogoro wa kisheria.

Lakini ukishuka Muganza utamkuta Twagirayezu kwenye kizuizi cha kiwanda. Lori likisimama, anapanda kwanza kwenye ngazi ya kabini, anamwangalia kila mtu aliyemo, nyusi, sikio, polepole, ndipo anaomba karatasi. Madereva wanalalamika sana kwamba anawachelewesha.