Dkt. Adventina na Madaftari ya Songambele

Marehemu Dkt. Adventina Elipidius alizaliwa Nyakasimbi, wilayani Karagwe, tarehe 14 Machi 1979, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Elipidius na Mama Agnetha, wakulima wa migomba na kahawa. Anayesoma ni mdogo wake, Costansia. Jana kikao cha familia kilitaka madaftari ya marehemu yauzwe sokoni. Basi sikilizeni yalikotoka.

Alisoma shule ya msingi hapahapa kijijini, 1987 hadi 1993, kisha sekondari Bukoba. Kuanzia 2004 alifundisha Kiswahili Nkwenda.

Mwaka 2014 alinunua karanga sokoni Nkwenda. Zilifungwa kwa karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mkono: "Kemilembe hakufa. Alikuwa amezimia tu." Kemilembe alikuwa shujaa wa mchezo wa redio, aliyeuawa katika sehemu ya mwisho, nasi sote tulimlilia. Adventina aliifuata karatasi ile hadi kijiji cha Songambele, kwa Uwingabire, kibarua wa mashambani, aliyeukataa mwisho ule akaandika wake. Wenzake kumi na wanane nao waliandika, wakiazimana madaftari. Karanga zenyewe Adventina alizisahau sokoni.

Ikawa ndiyo kazi yake: kutafiti mashabiki na hadithi wanazobuni wenyewe, na kuyatunza madaftari yao. Chuo kikuu, alipotetea utafiti huo, mtahini mmoja alimwambia, "Hawa si waandishi, ni wasikilizaji tu."

Akajibu, "Mwalimu, msikilizaji huzima redio akalala. Hawa walikataa."

Alitunukiwa shahada ya uzamivu mwaka 2021. Jina la Uwingabire liko ukurasa wa kwanza wa tasnifu.

Hakuolewa. Kamati ya mazishi iliomba aya hii irukwe, haikurukwa. Mposaji mmoja alimwuliza karatasi zile zitapikwa lini. Akamjibu, "Nazila mbichi."

Aliugua saratani ya damu Februari 2024. Alifariki tarehe 9 Juni 2025, saa nne asubuhi, Uwingabire akimsomea daftari jipya. Inauma, na hatutajifanya haiumi.

Ameacha mama, ndugu wanne, Uwingabire na wenzake, na madaftari mia moja arobaini na mawili. Baba mdogo Evaristi anasema yanajaza chumba bure, heri yakafungiwe karanga.

Shikamoo, baba mdogo. Hayauzwi. Ufunguo wa chumba anao Costansia.

Adventina apumzike kwa amani. Madaftari yake yasipumzike.