Nusu Yangu, Nusu Yako

DADA: Haloo? Nani mwenzangu? Sema upesi, nina pini mdomoni.

FUNDI: Mimi, dada. Shikamoo.

DADA: Marahaba. Mbona namba ngeni?

FUNDI: Ya mteja, mwenye friji. Yangu imebaki na bando tu, haina salio la kupiga. Dada, kuna ujumbe umeingia kwako? Tarakimu sita?

DADA: Umeingia. Nampima bibi harusi, sijau—

FUNDI: Nisomee.

DADA: Za nini?

FUNDI: Benki wameniletea barua pepe. Akaunti ya matibabu ya jicho la mama inafungwa saa kumi tusipoihakiki.

DADA: Benki gani inamkimbiza mtu hivyo?

FUNDI: Yetu. Nembo yao ipo.

DADA: Nembo hata mimi nitakushonea kwenye shati. Soma anwani ya aliyetuma.

FUNDI: Dada, muda—

DADA: Soma.

FUNDI: Huduma kwa wateja... halafu manamba tu. Jina la benki halimo.

DADA: Na wewe wamekuitaje?

FUNDI: "Mteja mpendwa."

DADA: Benki inalijua jina lako hadi la babu. Hao matapeli. Usibonyeze kitu.

FUNDI: [mikwaruzo]

DADA: Wanisikia? Usi-bonyeze-kitu.

FUNDI: Nasikia.

DADA: Afadhali nenosiri tuligawana, nusu yangu, nusu yako. Na ulivyoninunia mwaka mzima kwa hilo.

FUNDI: Dada, ile barua ilikuwa na fomu...

DADA: Fundi. Umejaza nusu yako?

FUNDI: Nimejaza yote.

DADA: Yangu umeitoa wapi?

FUNDI: Kwa mama, uliyemwachia aitunze. Nilimwambia umeniruhusu.

DADA: Anapasuliwa Jumatatu, wewe.

FUNDI: Najua. Niliogopa wataifunga. Nilitaka mara moja tu niwe mimi niliye—

DADA: Sisi wa tumbo moja tumefichana herufi nne nne. Mtu usiyemjua umempa zote nane. Nimechoka na wewe, kweli nimechoka.

FUNDI: Nisamehe.

DADA: Kata simu. Niwapigie benki waizuie, namba yao ipo nyuma ya kadi. Aa, ngoja. Mama anapiga, namwona hapa.

FUNDI: Mama?

DADA: Anataka nini saa hizi?

FUNDI: Dada, ile fomu... waliomba na namba ya simu ya mama. Nikaweka.

DADA: Mungu wangu.

FUNDI: Watakuwa wamemwambia akuombe zile tarakimu sita. Usimsomee. Mwenye simu ananidai simu yake, dada, hata mama akilia, usimsom—