Salamu kwa Mheshimiwa

Basi lilikuwa nusu tupu, ukungu umelala kwenye vioo, nami nilikuwa kati ya usingizi na kuwa macho nilipowasikia nyuma yangu. Binti mmoja, ambaye kazi yake ni kuwasaidia wananchi kuwaandikia wabunge kwenye tovuti, alikuwa akisoma simu ya mama fundi cherehani aliyekutana naye kituoni.

"Mama, barua ilifika. Ila umeandika salamu tupu! Habari za nyumbani, za watoto, za kazi, mpaka za mvua. Kisanduku cha ujumbe kimejaa kabla hujafika kwenye ombi la daraja."

"Ndiyo maana kanijibu vizuri," mama akasema. "Kasema nyumbani hawajambo."

Kwa mbunge, nikawaza huku nikisinzia, hilo ni jibu refu.

"Safari hii tuanze na daraja."

"Nimvamie mtu na shida bila hodi? Sikulelewa hivyo, mwanangu."

"Lakini wajukuu wako wanavuka mto kwa miguu!"

"Wanavuka mgongoni mwangu," akajibu taratibu, kama anayeota. "Na tukifika ng'ambo, tunawasalimu tunaowakuta."

Dereva akazima injini ukingoni mwa mto. Mbele hapakuwa na daraja, ni maji tu na ukungu. Tukavua viatu, tukaingia. Binti alitangulia, simu kaiinua juu ya kichwa. Nyuma yangu, maji yamemfika kiunoni, mama akapaza sauti:

"Haya, andika. Mheshimiwa, umeamkaje?"